William Coley

William Bradley Coley (Westport, Connecticut, Marekani, 12 Januari 1862 – New York, 16 Aprili 1936) alikuwa daktari mpasuaji wa Marekani aliyejaribu kutibu saratani kwa kuwachoma wagonjwa sindano za bakteria. Mchanganyiko alioutumia ulijulikana kama sumu za Coley. Wengi wa madaktari wa wakati wake hawakukubaliana naye, na baada ya kifo chake tiba hiyo ilikaribia kusahaulika. Leo anahesabiwa kuwa baba wa imunotherapia ya saratani, yaani tiba inayoamsha kinga ya mwili wenyewe ili ipambane na uvimbe.

Utoto na elimu

Coley alizaliwa Saugatuck, sehemu ya mji wa Westport, katika familia ya zamani ya jimbo la Connecticut. Alisoma Chuo Kikuu cha Yale, akahitimu mwaka 1884. Kisha alikwenda Portland, Oregon, upande wa magharibi wa nchi, akafundisha shule kwa miaka miwili.

Aliporudi mashariki aliingia shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Harvard, akahitimu mwaka 1888. Alipata mafunzo ya upasuaji katika New York Hospital, na mwaka 1890 alianza kazi kama daktari mpasuaji mjini New York. Mwaka 1891 alimwoa Alice Lancaster. Mtoto wao Bradley alikuwa daktari mpasuaji kama baba yake, na binti yao Helen, aliyezaliwa mwaka 1907, ndiye aliyekuja kuokoa kazi ya baba yake isipotee.

Wakati huo upasuaji ulikuwa umepiga hatua kubwa. Dawa ya usingizi ilikuwa ikitumika, na madaktari walikuwa wamejifunza kuua vijidudu kwenye vifaa na vidonda. Kwa hiyo waliweza kukata uvimbe mkubwa kuliko zamani. Hata hivyo, wagonjwa wengi wa saratani waliopasuliwa vizuri walirudi baada ya miezi michache, ugonjwa ukiwa umeota mahali pengine.

Mgonjwa aliyebadili mwelekeo wake

Mwaka 1890 Coley alimpokea msichana wa miaka 17, Elizabeth Dashiell, aliyekuwa rafiki wa karibu wa John D. Rockefeller mdogo, mtoto wa tajiri mkubwa wa mafuta. Msichana huyo alikuwa ameumia mkono alipokuwa safarini kwa treni. Jeraha lilionekana dogo, lakini mkono uliendelea kuvimba na kuuma. Mwanzoni ilidhaniwa ni maambukizi ya kawaida. Uchunguzi wa kipande cha nyama kwa hadubini ulionyesha kwamba ni sarkoma, yaani saratani inayoanzia katika mfupa, misuli au tishu nyingine zinazounganisha mwili.

Coley alifanya kile ambacho kila daktari mpasuaji wa wakati ule angekifanya: alikata mkono chini ya kiwiko. Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri, lakini haukumsaidia mgonjwa. Baada ya wiki chache uvimbe mwingine ulijitokeza sehemu mbalimbali za mwili, na tarehe 23 Januari 1891 Elizabeth alifariki. Saratani ilikuwa imekwisha kusambaa kabla ya kisu kufika.

Kifo hicho kilimgusa sana daktari huyu kijana. Kilimgusa pia Rockefeller mdogo, ambaye katika miaka iliyofuata alitoa fedha nyingi kwa ajili ya utafiti na matibabu ya saratani, zikiwemo fedha za kusaidia kazi ya Coley.

Kupekua kumbukumbu za hospitali

Baada ya msiba huo Coley alianza kusoma kumbukumbu za wagonjwa wote wa sarkoma waliowahi kutibiwa New York Hospital. Humo alikuta habari za mhamiaji mmoja kutoka Ujerumani aliyekuwa na sarkoma shingoni. Mgonjwa huyo alikuwa amepasuliwa mara kadhaa katika miaka ya 1880, na kila mara uvimbe uliota tena. Madaktari walikuwa wamekata tamaa. Kisha kidonda chake kilipata erisipela.

Erisipela ni maambukizi ya ngozi yanayoletwa na bakteria aina ya Streptococcus pyogenes. Ngozi huvimba na kuwa nyekundu, na mgonjwa hupata homa kali. Kabla ya kupatikana kwa antibiotiki ugonjwa huu uliogopwa sana katika wodi za upasuaji, kwa kuwa uliua watu wengi. Lakini kwa mgonjwa huyu mambo yalikwenda kinyume: kadiri homa ilivyopanda, uvimbe ulipungua, na hatimaye ukatoweka kabisa. Aliruhusiwa kwenda nyumbani.

Coley hakuridhika na maandishi peke yake. Alimtafuta mtu huyo nyumba kwa nyumba katika mitaa ya wahamiaji wa Manhattan, mpaka akampata. Miaka kadhaa ilikuwa imepita, naye alikuwa mzima, akiwa na kovu tu shingoni.

Coley hakuwa wa kwanza kuona jambo la namna hii. Nchini Ujerumani, Wilhelm Busch alikuwa ameeleza mwaka 1868 juu ya uvimbe uliopungua baada ya mgonjwa kuambukizwa erisipela kwa makusudi. Friedrich Fehleisen, aliyetambua bakteria wa ugonjwa huo mwanzoni mwa miaka ya 1880, naye alijaribu kuwachoma wagonjwa wa saratani. Tofauti ya Coley ni kwamba alishikilia kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 40.

Majaribio ya kwanza

Mwezi Mei 1891 Coley alianza kumchoma mgonjwa wa kwanza bakteria hai wa erisipela. Alikuwa mhamiaji kutoka Italia mwenye sarkoma shingoni na kwenye findo la koo, kiasi kwamba alishindwa kula na kuzungumza vizuri. Kwa miezi kadhaa sindano zilileta nafuu kidogo tu. Mwezi Oktoba Coley alipata bakteria wenye nguvu zaidi kutoka maabara ya Robert Koch mjini Berlin. Safari hii mgonjwa alishikwa na erisipela kali, akatetemeka kwa homa na kukaribia kufa. Lakini uvimbe wa shingoni ulianza kulainika na kumomonyoka, na katika muda wa wiki mbili ulikuwa umetoweka. Aliishi miaka minane zaidi, kisha saratani ikarudi na kumuua.

Mafanikio hayo yalikuwa na gharama kubwa. Katika wagonjwa waliofuata, wengine hawakuweza kuambukizwa hata kidogo, wengine walipata homa bila uvimbe kupungua, na wawili walikufa kwa erisipela yenyewe. Daktari hakuwa na njia ya kuzuia maambukizi yakishaanza. Habari za wagonjwa kumi wa mwanzo alizichapisha mwaka 1893.

Sumu za Coley

Kwa sababu ya vifo hivyo Coley aliacha kutumia bakteria hai. Alichanganya bakteria wa erisipela na aina nyingine, ambayo leo huitwa Serratia marcescens, akawaua kwa joto. Wazo lake lilikuwa kwamba vitu vilivyomo ndani ya bakteria vinaweza kuleta homa na kupunguza uvimbe bila mgonjwa kupata ugonjwa wenyewe.

Tarehe 24 Januari 1893 alianza kumtibu kijana mmoja aliyekuwa na uvimbe mkubwa sana tumboni ambao haukuweza kupasuliwa. Alimchoma kila baada ya siku chache, moja kwa moja ndani ya uvimbe. Kila sindano ilifuatwa na homa na baridi kali. Kufikia mwezi Mei uvimbe ulikuwa umebaki kama sehemu moja ya tano ya ukubwa wake, na mwezi Agosti haukuweza kuguswa kwa urahisi. Kijana huyo alipona. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo miaka 26 baadaye.

Utaratibu wa Coley ulikuwa kuanza na dozi ndogo sana, kisha kuiongeza kidogo kidogo mpaka homa ipande. Aliamini kwamba bila homa hakuna tiba. Sindano ziliendelea kwa wiki nyingi, wakati mwingine kwa miezi, na mgonjwa alihitaji kuangaliwa kila siku.

Wengi wa wagonjwa wake walikuwa watu walioshindikana kupasuliwa. Lakini hakuishia hapo. Wengine aliwapa sindano baada ya upasuaji ili saratani isirudi. Na katika baadhi ya sarkoma za mifupa mirefu ya mikono na miguu alitaka sumu zijaribiwe kwanza, kabla ya kukata kiungo, akitumaini kwamba huenda kiungo kikaokoka pamoja na mwenye nacho. Kwa hiyo swali la nini kitangulie, kisu au kinga ya mwili, lilikuwamo katika kazi yake tangu zamani.

Kazi nyingine

Coley hakuwa daktari wa saratani tu. Alifanya kazi miaka mingi katika Hospital for Ruptured and Crippled mjini New York, ambako alisifika kwa upasuaji wa ngiri, hasa kwa watoto. Baadaye aliongoza upasuaji katika hospitali hiyo. Katika Memorial Hospital, hospitali ya saratani ya New York, aliongoza kitengo cha uvimbe wa mifupa mpaka mwaka 1933. Alikuwa pia miongoni mwa madaktari wa mwanzo wa Marekani kujaribu eksirei katika kutibu saratani, ingawa hakuona kwamba inaweza kuchukua nafasi ya sumu zake.

Upinzani

Mwaka 1894 jarida la chama cha madaktari wa Marekani liliikosoa vikali tiba ya Coley. Madaktari wengine walioijaribu walisema hawakuona mafanikio kama yake. Wengine walidai kwamba wagonjwa waliopona hawakuwa na saratani tangu mwanzo, bali madaktari walikosea katika kuutambua ugonjwa.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa James Ewing, bingwa wa patholojia aliyefanya kazi pamoja naye katika Memorial Hospital. Ewing aliweka matumaini yake katika mionzi ya eksirei na radiamu. Mionzi ilikuwa na sifa ambazo sumu za Coley hazikuwa nazo: dozi yake ilipimika, uvimbe ulisinyaa mara nyingi na kwa haraka, na daktari hakuhitaji kukaa na mgonjwa anayetetemeka kwa homa siku baada ya siku. Hospitali nyingi zilifuata njia hiyo.

Si lawama zote zilizokuwa za uonevu. Sumu za Coley hazikuwa dawa moja. Zilitengenezwa kwa namna nyingi tofauti katika miaka hiyo, na baadhi zilikuwa dhaifu mno. Kampuni ya Parke-Davis, iliyoanza kuzitengeneza kwa mauzo mwaka 1899, ilitoa dawa ambayo Coley mwenyewe aliona haina nguvu ya kutosha. Wagonjwa walichomwa mahali tofauti, kwa dozi tofauti na kwa muda tofauti. Kumbukumbu zao hazikuandikwa kwa utaratibu mmoja, na wengine hawakufuatiliwa.

Zaidi ya hayo, hapakuwa na kundi la kulinganisha. Daktari anapoeleza mgonjwa mmoja aliyepona, msomaji hawezi kujua ni wangapi wangepona bila dawa hiyo, wala ni wangapi walioipata na wakafa. Njia ya kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, ili tofauti kati yao iwe ni dawa tu, ilikuja kuwa ya kawaida katika utabibu baada ya mwaka 1948, wakati Coley alikuwa amekwisha kufariki. Alikuwa na ushahidi wa macho yake na imani kubwa, lakini hakuwa na kipimo cha kuwashawishi wengine.

Mwaka 1934 chama cha madaktari wa Marekani kilikubali kwamba sumu hizo zinaweza kuwa na manufaa kwa kiasi fulani. Coley alifariki miaka miwili baadaye, tarehe 16 Aprili 1936, akiwa na umri wa miaka 74. Katika maisha yake alikuwa amewatibu wagonjwa wapatao 1,000 kwa njia hiyo.

Kazi ya Helen Coley Nauts

Baada ya kifo chake binti yake, Helen Coley Nauts, alianza kupitia karatasi alizoacha. Hakuwa daktari wala hakusoma sayansi chuoni. Kwa miaka mingi alikusanya habari za wagonjwa zaidi ya 1,000, mmoja mmoja: uvimbe wa aina gani, sumu ya aina gani, dozi ngapi, homa kiasi gani, na mgonjwa aliishi muda gani. Aligundua kwamba waliopewa dawa yenye nguvu kwa muda mrefu ndio mara nyingi walioishi zaidi.

Mwaka 1953 alianzisha pamoja na Oliver Grace taasisi ya utafiti iitwayo Cancer Research Institute mjini New York, kwa msaada wa dola 2,000 kutoka kwa Nelson Rockefeller, mtoto wa yule Rockefeller aliyekuwa rafiki wa Elizabeth Dashiell.

Hata hivyo njia haikuwa rahisi. Mwaka 1963 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamua kuzihesabu sumu za Coley kama dawa mpya ambayo haijathibitishwa, hivyo ikawa vigumu kuzitumia. Mwaka 1965 shirika la saratani la nchi hiyo liliziweka katika orodha ya tiba zisizo na uthibitisho, na kuziondoa humo mwaka 1975. Mwaka huohuo Lloyd Old, aliyekuwa mkurugenzi wa sayansi wa taasisi ya Helen, pamoja na wenzake walieleza protini ambayo mwili huitoa unaposhtuliwa na bakteria, na ambayo huweza kuua uvimbe katika panya. Hiyo ilikuwa sehemu ya maelezo ya yale Coley aliyoyaona. Helen alifariki mwaka 2001.

Kutoka Coley hadi majaribio ya leo

Sumu za Coley hazitumiki tena katika matibabu ya kawaida. Lakini bakteria waliodhoofishwa wa chanjo ya kifua kikuu, BCG, bado hutumika kutibu saratani ya kibofu cha mkojo iliyo katika hatua za awali. Maendeleo makubwa zaidi yalitokana na ugunduzi kwamba seli za kinga zina breki, na kwamba saratani huzikanyaga breki hizo ili isishambuliwe. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2018 kwa kuonyesha jinsi ya kuziachilia.

Dawa za namna hiyo zilianza kufanikiwa katika melanoma, saratani hatari ya ngozi. Mwanzoni walipewa wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikuwa umesambaa. Baadaye zilitolewa baada ya upasuaji, ili kuua mabaki yasiyoonekana. Kisha watafiti wakauliza kama isingefaa zaidi kuanza nazo kabla ya kupasua. Sababu yao ni hii: uvimbe ukiwa bado mwilini, seli za kinga zina mengi ya kujifunza kutoka kwake. Uvimbe ukishatolewa, seli hizo zinabaki na sampuli kidogo tu za adui.

Safari hii swali lilipimwa kwa kulinganisha. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2023, wagonjwa 313 wa melanoma iliyofika kwenye tezi au mbali zaidi, lakini bado inaweza kupasuliwa, waligawanywa kwa bahati nasibu. Wote walipangiwa dozi 18 za dawa ileile, pembrolizumab. Kundi moja lilipata zote baada ya upasuaji. Kundi la pili lilipata tatu kabla na 15 baada. Baada ya miaka miwili, asilimia 72 ya kundi la pili walikuwa hawajapatwa na pigo kama ugonjwa kurudi au kifo, ikilinganishwa na asilimia 49 ya kundi la kwanza. Dawa na idadi ya dozi vilikuwa vilevile. Kilichotofautiana ni wakati wa kuanza. Jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2024 likiwa na wagonjwa 423 na kutumia dawa mbili kwa pamoja, nalo lilionyesha faida ya kutanguliza dawa.

Njia hiyo imejaribiwa pia kwa saratani ya ngozi ya seli bapa, ambayo husababishwa zaidi na jua na ambayo katika Afrika ya Mashariki huwapata hasa watu wenye ualbino. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, wagonjwa 79 walipewa dawa ya cemiplimab kabla ya upasuaji, na katika nusu yao hivi hapakuonekana tena seli hai za saratani katika nyama iliyokatwa. Utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganisha.

Kwa saratani ya ngozi ambayo bado haijafika kwenye tezi lakini ni nene au ina kidonda, na hivyo ina hatari kubwa ya kurudi, uamuzi ni mgumu zaidi. Wengi wa wagonjwa hao hupona kwa upasuaji peke yake. Dawa za kinga nazo zinaweza kuifanya kinga ishambulie viungo vya mwili wenyewe, kama tezi ya shingo, na madhara mengine hubaki maisha yote. Kwa hiyo majaribio hutafuta kujua ni nani miongoni mwao anahitaji dawa kabla ya kisu, na ni nani anatosheka na kisu.

Heshima

Mwaka 1975 Cancer Research Institute ilianzisha tuzo yenye jina la William B. Coley, ambayo hutolewa kwa wanasayansi waliofanya kazi bora katika elimu ya kinga na saratani.